Kiti cha Dirishani

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na kazi mbili, kunyoa na kudanganya. Ya kwanza alifundishwa, ya pili alizaliwa nayo. Duka lake ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki, na viti vya plastiki vya wanaosubiri. Akiingia mteja asiyempenda, hasa yule anayetaka kunyolewa huku akifundisha kunyoa, kinyozi alitandaza taulo kwenye kiti kilicho wazi na kusema bila hata kugeuka:

"Hapo pana mtu. Katoka kidogo, anakuja."

Mtu huyo hayupo. Hajawahi kuwepo. Lakini maneno yalitoka laini kama wembe mpya, na mteja akaenda zake kunyolewa kwingine. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuja.

Siku ya matembezi ilianza vizuri kiasi cha kutia shaka. Kinyozi alifunga duka, jambo ambalo mtaani kwetu huchukuliwa kama dalili ya msiba, akaliosha gari. Mpango ulikuwa wa mkewe: wapande mlima kwa gari, huko juu wapande ile treni ya zamani ya mvuke iliyobakizwa kwa ajili ya starehe, iwashushe ziwani, wale chakula cha mchana, warudi jua likiwa bado liko juu. Mkewe ni muuguzi. Alikuwa ameisumbukia safari hiyo kama harusi, na asubuhi yenyewe wakampigia simu kutoka wodini, mwenzake anaumwa. Akasimama mlangoni na sare yake, uso umemshuka.

"Nendeni tu. Tiketi yangu mpeni mtu."

"Nani atakubali kukaa karibu na mama yako?" kinyozi alimnong'oneza.

"Nimesikia," ilisema sauti kutoka ndani ya gari.

Huyo ni mama mkwe. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani kama ngao. Hakuwahi kumsamehe kinyozi kwa kumwoa binti yake, na kinyozi hakuwahi kumsamehe yeye kwa kuwa na sababu nzuri. Kiti cha nyuma alikaa binti wa kinyozi, wa darasa la kwanza, aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakuna kitu asichokikoroga.

Barabara ya mlimani ilikuwa kona juu ya kona. Upande huu mwamba, upande ule hakuna kitu kabisa. Gari lilipanda likikohoa.

"Mkwe, hili gari linapanda au linaomba msamaha?"

"Linapanda, mama."

"Basi liambie lipande kimya."

Kwenye kona iliyofuata Kijiko akatapika ndani ya kofia ya baba yake. Hiyo kofia ndiyo iliyokuwa ikificha upara, na kinyozi mwenye upara ni tangazo baya. Alifika stesheni kichwa wazi, upepo wa mlimani ukimpiga mpaka masikioni, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alionekana kuridhika.

Treni ilikuwa nyeusi, imelowa jasho la mvuke, inahema kama mnyama aliyefungwa. Watu walipanda kwa kusukumana. Hakuna aliyetabasamu. Viti vyao vilikuwa viwili vikitazamana na viwili: Kijiko na bibi yake upande huu, kinyozi upande wa pili, na kando yake, dirishani, kiti cha mkewe. Kinyozi akavua koti, akalitandaza juu ya kiti hicho, akaweka tiketi juu yake. Alitaka nafasi ya kiwiko, basi.

Bwana mmoja mnene, kikapu mkononi, akasimama juu yake. "Hapa pana mtu?"

"Pana," kinyozi akajibu, ulimi ukitangulia akili kama kawaida. "Mzee wetu. Miguu inamsumbua, anapanda taratibu. Anakuja."

Bwana mnene akaguna, akaenda. Akaja mama mmoja mwenye kilemba chekundu, anahema.

"Kaka, nisaidie hapo."

"Pana mzee, dada. Hata koti lake hili hapa, angalia mwenyewe."

Kilemba chekundu akalitazama koti, akamtazama kinyozi, akafyonya. Mara bwana mnene akarudi, amekosa nafasi behewa zima, sasa amekasirika. "Huyo mzee wako mbona haji?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Na kinyozi, mpe wasikilizaji tu.

"Bwana wangu, usimtafute! Yule hapendi kukuta mtu kwenye kiti chake. Aliyekikalia safari iliyopita, mpaka leo watu wanampita kama hayupo. Anapiga kelele sokoni, hakuna anayegeuka. Wanamjua wa nyumbani kwake tu."

Watu wachache walicheka. Bwana mnene hakucheka. Akaenda kusimama mlangoni, akimkodolea macho.

Mama mkwe aliinama mbele. Alinong'ona, na yeye si mtu wa kunong'ona. "Unamwita nani?"

"Simwiti mtu, mama. Natafuta pa kuweka kiwiko."

"Umewaambia watu anakuja. Umempa miguu, umempa koti, sasa umempa na hasira. Amebakiza nini?"

"Tiketi," kinyozi akasema, "na hiyo anayo."

Treni ikang'oka. Mkata tiketi akapita akitoboa. Akatoboa ya kinyozi, ya bibi, ya mtoto. Kisha akaichukua ile iliyokuwa juu ya koti, akaitoboa, akairudisha polepole mahali pake, akagusa ukingo wa kofia yake.

"Safari njema, mzee," alikiambia kiti.

Kinyozi akafurahi, akadhani amepata mtani mwenzake. Akamkonyeza. Mkata tiketi alimtazama kwa mshangao, hakukonyeza.

Reli ilizunguka mlima ikiteremka, bonde likifunguka dirishani. Kijiko alikuwa amekaa kwa namna ambayo alisafiri kinyumenyume, na roho ikaanza kumchafuka tena.

"Baba, nahamia kwako."

"Subiri kidogo," alisema kinyozi, maana kofia nyingine hakuwa nayo.

Treni ikaingia handakini. Giza. Moshi wa makaa ukajaa behewani, watu wakikohoa na kufunga madirisha kwa vishindo. Kinyozi alihisi magoti madogo yakipita kwenye magoti yake. Mwanga uliporudi, Kijiko alikuwa amekaa dirishani, juu ya koti, amejikumbatia.

"Baba," alisema, "mbona hukuniambia kuwa ameshafika?"

"Nani?"

"Nimemkalia. Mapaja yake ya baridi."

Kinyozi akamnyanyua. Gauni la mtoto lilikuwa limelowa nyuma. Akagusa koti, nalo limelowa, limelowa mpaka bitana, na linanuka makaa na maji yaliyolala. Akamrudisha mtoto kando ya bibi yake. Akasubiri kutukanwa.

Mama mkwe hakusema neno. Hilo ndilo lililomtisha kwanza.

Ziwa lilikuwa pana, jeusi, limelala katikati ya milima kama kitu kilichomwagika. Kulikuwa na meza za mbao, mashua za kukodi, watu wengi na kelele nyingi. Kinyozi akajiambia ni moshi tu, ni unyevunyevu, treni yenyewe kuukuu. Akampa Kijiko hela akanunue barafu. Kutoka mezani alimwona akifika kwenye toroli la muuza barafu, mkono juu. Muuzaji akamhudumia aliyekuwa nyuma yake. Kisha mwingine, kisha mwingine. Alikuwa akipitisha barafu juu ya kichwa cha mtoto kama anavyopitisha juu ya ukuta.

Kinyozi akaenda, damu imempanda. "We bwana, mtoto amesimama hapa muda wote, huoni?"

"Mtoto gani?"

"Huyu!"

Muuzaji akatazama pale kidole kilipoonyesha. Akatazama uso wa kinyozi. Akachukua barafu akampa, kwa upole, kama mtu anayetaka mwendawazimu aondoke bila fujo. Halafu akatazama juu ya bega la kinyozi, sauti ikabadilika, ikawa na heshima.

"Na mzee wako je? Mkalishe juani, baba. Anatetemeka."

Kinyozi hakugeuka. Alihesabu pumzi zake. Kisha akageuka. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kokoto kavu, na katikati yake alama za miguu zilizolowa, zimesimama nyuma ya viatu vyake, karibu sana, kama za mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakapita mbio. Mmoja akamgonga Kijiko, mtoto akaanguka. Kijana hakusimama, hakusema pole, hakupunguza hata mwendo. Kijiko akajifuta magoti.

"Baba, nimewasalimia wote," alisema. "Hakuna aliyeitikia."

Chakula kikabaki mezani. Kinyozi alimshika mwanawe mkono, akaushika kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Njia ya kurudi kwenye gari ilikuwa moja tu, treni ile ile, viti vile vile.

Behewa lilikuwa limejaa zaidi. Koti lilikuwa pale alipoliacha, dirishani. Halikuwa limelala tena. Lilikuwa limeegemea mgongo wa kiti, mabega yamejaa, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu. Kila aliyepita aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." "Shikamoo." Hakuna aliyeisikia sauti yoyote ikijibu, ila kila mmoja aliendelea na safari yake kana kwamba amejibiwa.

Kilemba chekundu akaja. Alimsalimia mzee, kisha akageukia kiti cha Kijiko, mtoto akiwa amekaa juu yake, barafu inamyeyukia mkononi.

"Hapa pana mtu?"

"Pana!" kinyozi akapaza sauti. "Pana mtu! Ni mwanangu!"

Vichwa vikageuka. Kisha ile sauti ya mlangoni, ya bwana mnene: "Msimsikilize huyo. Asubuhi alikuwa anashika kiti kimoja, sasa anataka viwili."

"Nakuapia, dada, huyu hapa. Mwone. Kijiko, sema kitu!"

"Shikamoo, mama," alisema Kijiko.

Kilemba chekundu alikuwa ameshaanza kukaa.

Kijiko akapiga kelele. Alipiga kelele kama mtoto anayekandamizwa, na hakuna jicho lililopepesa. Kinyozi akamsukuma yule mama. Kilemba chekundu akayumba nyuma, watu wakamdaka. Wakaanza kumtukana kinyozi kutoka kila upande. Mlevi. Kichaa. Anampiga mwanamke mbele ya baba yake mzima, hana haya. Mtu akamshika shati. Mwingine akasema atupwe nje. Alijaribu kucheka, kwa kuwa kucheka ndiko kulikomwokoa maisha yake yote. Safari hii hakukusaidia.

"Mkwe." Mama mkwe alikuwa amesimama. "Ulisema aliyekikalia watu wanampita kama hayupo."

"Nilikuwa natania, mama."

"Najua. Wewe hujawahi kusema jambo la maana. Ila huyu amekusadiki." Alimkabidhi mkoba wake, ambao hakuna mwanadamu aliyeruhusiwa kuushika. "Mtoto bado hajaonekana na dunia. Mimi imeshaacha kuniona kitambo. Dukani wananiruka, barabarani wananisukuma. Nitapoteza nini?"

"Mama, usi—"

"Nyamaza, kwa mara moja."

Akapita mbele ya magoti yake. Watu wakaguta, "Mama wee, unamkalia mzee!" Treni ikaingia handakini. Giza. Katika giza kinyozi aliisikia sauti yake, kavu, haina hofu hata kidogo. "Sogea. Mtoto alikosea. Mwenye kukaa hapa ni mimi."

Kisha dirisha likafunguka kwa kishindo, na upepo wenye maji ukapiga kila uso.

Mwanga uliporudi, koti halikuwepo. Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani, wima, nywele zimemlowa.

"Jamani!" Kilemba chekundu alikuwa amemwinamia Kijiko. "Kumbe hapa pana mtoto! Hujambo, mrembo? Mbona unalia?" Kisha akatazama huku na huku. "Na yule bibi kaenda wapi? Na mzee? Treni haijasimama."

Watu wakatazama dirishani, wakaangalia nje, wakaangaliana. Macho yao yote yalipita juu ya mama mkwe bila kukwama.

Kinyozi akainama kwake. "Alikuwa hapo?" alinong'ona.

"Amenipisha," alisema mama mkwe. "Ana adabu kuliko wewe."

Kule walikoegesha gari mlinzi akawafungulia geti, akampungia Kijiko mkono. "Safari njema, nyinyi wawili." Mama mkwe, kiti cha mbele, alimtukana mlinzi huyo tusi refu la kuanzia babu yake, kwa majaribio. Mlinzi aliendelea kutabasamu. Kinyozi aliendesha kona zote zile akilia kimyakimya, na mama mkwe hakulisema gari hata mara moja.

Nyumbani mkewe aliwaona wote watatu. Alimwona mama yake vizuri kabisa, akamsikia pia. Wa nyumbani hawakubadilika. Dunia ndiyo iliyobadilika. Basi mama mkwe akahamia kwao, na kwa kuwa hakuweza kukaa peke yake mchana kutwa bila mtu wa kumsema, akawa anaandamana na kinyozi dukani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kioo, akiwatukana wateja mmoja mmoja, na kinyozi akinyoa huku akiuma midomo asicheke. Mteja akitaka kukaa pale, kinyozi alisema lile lile alilolisema maisha yake yote.

"Hapo pana mtu."

Wateja walicheka. Walimjua. Mara mbili walimkalia bibi wa watu kabla kinyozi hajawawahi.

Ikaja siku moja, mchana kweupe, duka limejaa. Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja wa ndevu, povu bado upande wa pili. Kijiko alikuwa ametoka shule, amekaa sakafuni na daftari lake. Akaingia mtu mgeni. Akakitazama kiti cha kando ya kioo.

"Hapo pana mtu," alisema kinyozi.

"Hapana mtu," mgeni akajibu. "Lakini nitasimama tu. Huyu mzee aliye nyuma ya kiti amenizuia kwa mkono. Anasema ni chake, anangoja aliyekikalia ainuke." Akashika pua. "Mpeni taulo, jamani. Koti linamchuruzika."

Wembe ulisimama. Kinyozi alitazama kwenye kioo. Kiti. Mama mkwe. Ukuta. Chini ya kiti, maji, yanatambaa taratibu kuelekea daftari la mtoto.

Mama mkwe alikuwa ameshika pembe za kiti kwa mikono miwili, mishipa imesimama. Uso wake ulikuwa umekonda kuliko asubuhi.

"Mkwe," alinong'ona, "nimechoka kukaa."

Kijiko akainua kichwa. Mtoto mwema. "Inuka unyooshe miguu, bibi. Nitakushikia kiti."

Na mtoto akasimama.

Kinyozi hakuwahi kuwa mwepesi, tumbo lilimkataza. Siku hiyo alikuwa mwepesi. Alimvuka mteja, akamvuka mwanawe, akamnyanyua mama mkwe kwa makwapa kama mtoto.

"Kiti hiki nilikiweka mimi, mama," alisema. Akakaa.

Mteja mwenye povu alifumbua macho kwenye kioo. Alimwona bibi kizee mwenye nywele zilizolowa amesimama katikati ya duka, asijue katokea wapi. Alimwona Kijiko. Akageuka kushoto, akageuka kulia, ndevu nusu.

"Jamani," aliuliza, "kinyozi kaenda wapi?"

Tumemtafuta, sisi wa mtaani. Mkewe anasema tusitafute, yupo. Duka halijafungwa. Kiti cha kando ya kioo kina taulo juu yake, na hakuna anayekikalia, maana sakafu chini yake haikauki hata jua likiwa kali. Mama mkwe hukaa kizingitini kutwa nzima. Watu wanampisha, wanamsalimia, naye huwajibu kwa ukali wake ule ule.

Ila mara nyingine, bila mtu kusema chochote, hukigeukia kile kiti kitupu na kuangua kicheko, yeye ambaye hakuwahi kumchekea mkwewe hata utani mmoja. Anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha hunyamaza ghafla, akatazama nyuma ya kiti, juu kidogo, mahali ambapo ukutani pametokea doa la maji lenye mabega mapana. Limepakwa rangi mara kadhaa. Kila likirudi, linakuwa limeinama zaidi.